Habari za Namba Moja Kubwa: 61,741,120

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Ushirombo na wa vijiji vya jirani, mara nyingi ninyi mwasikia habari za pamba, za mahindi na za dhahabu. Leo twataka kusema habari za namba moja tu. Namba hiyo ni 61,741,120. Isomeke hivi: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini.

Namba hii hatukuiokota njiani. Ndiyo jumla ya watu wote waliohesabiwa katika Tanzania, Bara na Zanzibar, katika sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Ilitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka ule ule na Rais Samia Suluhu Hassan. Kila mtu aliyelala Ushirombo usiku ule na kuandikwa na karani, awe mzee wa mvi au mtoto mchanga, yumo ndani ya namba hii. Naye ni moja kamili, hazidi wala hapungui. Tangu usiku ule wengine wamezaliwa na wengine wamekufa, lakini namba ya usiku ule haibadiliki tena.

Labda mtu atauliza, "Namba ina habari gani? Si tarakimu tu zilizopangwa mstarini?" Twamjibu kwamba namba ni kama gogo. Mpita njia huona gogo tu, bali seremala hujua litapasuka wapi, litatoa mbao ngapi, na kipande gani kitabaki. Basi chukueni kalamu na karatasi, tulipasue gogo hili pamoja.

UKUBWA WAKE

Kwanza tujue ukubwa wake. Tuseme mtu awahesabu watu hao mmoja mmoja, kila sekunde mtu mmoja, pasipo kula wala kulala. Siku moja ina sekunde 86,400. Atamaliza kazi yake baada ya siku 714, saa 14, dakika 18 na sekunde 40. Kama angalianza usiku ule wa Agosti 2022, angalimaliza mwanzoni mwa Agosti 2024.

Tena, kama watu wote wangesimama mstari mmoja, kila mtu akichukua nafasi ya nusu mita, mstari huo ungekuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 30,870. Mzunguko wa dunia penye ikweta ni kilomita 40,075. Basi mstari wetu ungezunguka zaidi ya robo tatu ya dunia.

Katika sensa ya mwaka 1967 watu wa Tanzania walikuwa 12,313,469. Zidisheni namba hiyo kwa 5, mtapata 61,567,345. Kwa hiyo katika miaka 55 watu waliongezeka hata kupita mara tano ya wale wa kwanza, tena wakazidi kwa 173,775.

JUMLA HAIFUATI MAFUNGU

Namba hii yaweza kukatwa kwa njia nyingi, na kila mara vipande vikirudishwa pamoja jumla ni ile ile. Watu wa Bara walikuwa 59,851,347, na watu wa Zanzibar 1,889,773. Wanaume walikuwa 30,053,130, na wanawake 31,687,990. Jumlisheni jozi hizi mbili, mtaona zote zaleta 61,741,120.

Watu wa Bukombe, ambao makao makuu ya wilaya yao ni Ushirombo, wanalijua jambo hili kuliko wengi. Katika sensa ya mwaka 2002 walihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012 walitiwa humo, na katika sensa ya mwaka ule walihesabiwa pamoja na Geita. Shinyanga ilipungua, Geita ikapata, lakini kwa kuhamishwa fungu hilo jumla ya nchi haikuongezeka hata mtu mmoja, wala haikupungukiwa. Ni kama debe la karanga lililomwagwa katika vikapu viwili au vitano: karanga ni zile zile.

KUGAWANYA SAWASAWA

Sasa tutazame namba hii yagawanyika kwa namba zipi bila kubaki kitu. Tarakimu yake ya mwisho ni 0. Kwa hiyo yagawanyika kwa 2, kwa 5 na kwa 10. Tuigawe nusu kwa nusu: 30,870,560, kisha 15,435,280, kisha 7,717,640, kisha 3,858,820, kisha 1,929,410, kisha 964,705. Hapo twasimama, kwa kuwa 964,705 ni namba witiri, haina nusu iliyo nzima. Basi namba yetu yakubali kugawanywa nusu mara sita, na mara ya saba yakataa.

Je, yagawanyika kwa 7? Iko njia ya kujua upesi. Ikateni katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia: 120, kisha 741, kisha 61. Jumlisheni la kwanza na la tatu: 120 na 61 ni 181. Toeni 181 katika fungu la kati: 741 toa 181 ni 560. Na 560 ni 7 mara 80. Basi namba nzima nayo yagawanyika kwa 7, na kila fungu hupata 8,820,160. Sababu yake ni kwamba 7 mara 11 mara 13 ni 1,001, na 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu. Kwa hiyo kila elfu, mbele ya 7, ni kama deni la moja. Ndiyo maana twatoa fungu la elfu badala ya kuliongeza. Na fungu la milioni ni elfu ya elfu: deni la deni, nalo hurudi kuwa mali.

Lakini kwa 3 namba yetu haigawanyiki. Tukiwapanga watu wote watatu watatu kama mafiga, mtu mmoja hubaki peke yake. Tukiwapanga tisa tisa, hubaki wanne. Tukiwapanga kumi na moja kumi na moja, hubaki tena mmoja. Tumejuaje pasipo kugawanya? Hilo ndilo twalotaka kueleza sasa, kwa maana lina faida hata sokoni.

KIPIMO CHA TISA

Jumlisheni tarakimu za namba yetu: 6 na 1 na 7 na 4 na 1 na 1 na 2 na 0. Mwapata 22. Jumlisheni tena 2 na 2, mwapata 4. Hiyo 4 ndiyo baki ya namba nzima ikigawanywa kwa 9. Sababu si siri. Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kila kumi, kila mia, kila elfu, ukiondoa tisa zake zote, huacha moja tu. Basi laki saba huacha saba, elfu nne za makumi huacha nne, na kadhalika. Kwa hiyo tarakimu zenyewe ndizo mabaki, nasi twazijumlisha.

Kwa kipimo hiki mtu aweza kukagua hesabu ya kujumlisha. Wanaume 30,053,130: tarakimu zake ni 15, yaani 6. Wanawake 31,687,990: tarakimu zake ni 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Na jumla ya wote tumeona ni 4. Hesabu yakubaliana. Kama baki zingalitofautiana, tungalijua hakika kwamba mahali fulani limeingia kosa.

Hata hivyo kipimo cha tisa kina upofu wake, na asiyejua upofu wa mizani yake huibiwa mchana. Tuseme mwandishi alipoinakili namba yetu aligeuza tarakimu mbili, akaandika 61,471,120. Jumla ya tarakimu bado ni 22, baki bado ni 4. Kipimo cha tisa chanyamaza. Lakini kwa kosa hilo moja la kalamu, watu 270,000 wametoweka katika karatasi! Hakuna aliyekufa wala aliyehama. Ila vitabu, madawati na dawa vikigawanywa kwa kuifuata karatasi hiyo, wao hawamo.

KIPIMO CHA KUMI NA MOJA

Dawa ya upofu huo ni kipimo cha kumi na moja. Anzeni kulia, mkiongeza tarakimu moja na kutoa ifuatayo, kwa zamu. Namba yetu: 0, toa 2, ongeza 1, toa 1, ongeza 4, toa 7, ongeza 1, toa 6. Mwapata pungufu ya kumi. Ongezeni 11, mwapata 1. Hiyo ndiyo baki. Sasa pimeni ile iliyokosewa, 61,471,120: 0, toa 2, ongeza 1, toa 1, ongeza 7, toa 4, ongeza 1, toa 6. Mwapata pungufu ya nne. Ongezeni 11, mwapata 7. Moja na saba si sawa. Kosa limeonekana.

Kipimo hiki huona kwa kuwa kumi ni pungufu ya 11 kwa moja, na mia ni 99 na moja, na elfu ni pungufu ya 1,001 kwa moja. Kila hatua ya kwenda kushoto hubadili ishara. Tarakimu mbili zilizo jirani zikigeuzwa, ile iliyoongezwa sasa yatolewa, na ile iliyotolewa sasa yaongezwa. Tofauti haiwezi kufichika, isipokuwa tarakimu zenyewe ni sawa, na hapo hakuna kosa.

Tulete mfano wa kijijini. Tuseme mkulima amepeleka pamba mara tatu: kilo 256, kilo 198 na kilo 287. Jumla ni kilo 741. Katika stakabadhi jumla imeandikwa 471. Kipimo cha tisa: 256 huleta 4, 198 huleta 0, kwa kuwa 18 ni tisa mbili, 287 huleta 8. Jumla 12, yaani 3. Na 471 nayo huleta 12, yaani 3! Kipimo chasema, "Sawa." Lakini kipimo cha kumi na moja: 256 huleta 3, 198 huleta 0, 287 huleta 1. Jumla 4. Na 471: 1 toa 7 ongeza 4 ni pungufu ya mbili, yaani 9. Nne si tisa. Mkulima huyo aweza kurudi dirishani kwa adabu na kusema, "Bwana karani, tafadhali tujumlishe tena." Ameokoa kilo 270 za jasho lake na la nyumba yake, naye hakuhitaji mashine wala kumshuku mtu, penseli imetosha.

VIPANDE VISIVYOPASUKA

Turudi kwenye gogo letu. Namba ambayo haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa yenyewe, ama yapasuka katika namba tasa, na kwa njia moja tu. Namba yetu hupasuka hivi: mbili mara sita, kisha 5, kisha 7, kisha 43, kisha 641. Jaribuni wenyewe: 64 mara 5 ni 320, mara 7 ni 2,240, mara 43 ni 96,320, mara 641 ni 61,741,120.

Kwa vipande hivi twaweza kujua namba yetu ina vigawo vingapi. Ile 2 twaweza kuiacha, au kuitwaa mara moja, mpaka mara sita: njia saba. Kila moja ya zile nne nyingine twaitwaa au twaiacha: njia mbili. Saba mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 112. Basi ziko namba 112 zinazoigawanya 61,741,120 bila kubaki mtu.

Itazameni ile 641. Wanafunzi 640 waweza kusimama mistari 20 ya watu 32, au mistari 16 ya watu 40, na kwa njia nyingine nyingi. Akija mwanafunzi mmoja tu akawa wa 641, mistari yote yaharibika: hawawezi kupangwa sawasawa ila wote katika mstari mmoja, au kila mtu mstari wake. Ndivyo ilivyo namba tasa.

Namba hii 641 ina sifa duniani. Katika karne ya 17 alikuwako Ufaransa mtu jina lake Pierre de Fermat, hodari sana wa hesabu. Alitazama namba zinazozaliwa hivi: twaa 3, toa 1, zidisha kwa yenyewe, ongeza 1, wapata 5. Fanya vivyo hivyo kwa 5, wapata 17. Kisha 257. Kisha 65,537. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba zote zitakazofuata nazo zitakuwa tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297, nayo ni kubwa mno kuipasua kwa kubahatisha. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mtu wa Uswisi, alionyesha kwamba yapasuka: ni 641 mara 6,700,417. Dhana ya mtu mkubwa ilianguka kwa namba hii ndogo, ambayo leo twaikuta imejificha katika hesabu ya watu wetu.

Hapo pana fundisho. Ushahidi wa mara tano haukutosha kuthibitisha mara ya sita. Na mizani iliyosema kweli mara tano, mara ya sita bado yastahili kupimwa.

TARAKIMU NNE ZA KWANZA

Jambo la mwisho ni la kuwafurahisha wanafunzi. Tarakimu nne za kwanza za namba yetu ni 6, 1, 7, 4. Katika India, penye mji wa Devlali, alikuwako mwalimu wa shule jina lake D. R. Kaprekar. Mwaka 1949 aligundua jambo hili. Twaa namba yoyote ya tarakimu nne, ila zisiwe zote sawa. Zipange toka kubwa kwenda ndogo, kisha toka ndogo kwenda kubwa, utoe ya pili katika ya kwanza. Rudia vivyo hivyo. Kwa hatua zisizopita saba utafika 6174, na ukifika hutoki tena.

Tutwae mwaka 1967. 9761 toa 1679 ni 8082. Kisha 8820 toa 0288 ni 8532. Kisha 8532 toa 2358 ni 6174. Na 6174 yenyewe: 7641 toa 1467 ni 6174. Mwaka 2022 nao wafika huko huko kwa hatua nne; tumewaachia ninyi kuujaribu.

Hatusemi kwamba namba hii ina bahati au uaguzi ndani yake. Kama mtoto mmoja zaidi angalizaliwa Ushirombo kabla ya usiku wa manane na kuandikwa, jumla ingalikuwa 61,741,121, na vile vipande vyote, 5 na 7 na 43 na 641, vingalitoweka. Hilo lenyewe ndilo la kustaajabisha: mtu mmoja, hata wa siku moja, abadili umbo zima la namba ya taifa.

Wengi wakiitaja sensa ile husema "milioni sitini na moja na laki saba," kisha hunyamaza. Si vibaya kwa mazungumzo ya barazani, kwa kuwa ulimi hupenda njia fupi. Lakini wajue kwamba kwa kufupisha hivyo wameacha nje watu 41,120. Kwa hiyo, mnapoandika hesabu ya shule, ya chama, ya zahanati au ya mizani, andikeni mpaka tarakimu ya mwisho, kisha ipimeni kwa tisa na kwa kumi na moja. Na mwenye kutaka kujizoeza na aanze na hii: mwaka 2012 watu walikuwa 44,928,923, na nyongeza mpaka mwaka 2022 ni 16,812,197. Pimeni kama jumla ni ya kweli.